Meseji ya saa 02:31: kisa cha kituo cha maziwa kilichopotea hewani kila asubuhi

Barua ya onyo ilikuwa imeshachapwa. Niliikuta mezani kwa katibu wa ushirika, ofisini Moshi mjini, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, ikisubiri sahihi ya mwenyekiti. Ilimhusu dada anayehudumia kituo cha kukusanyia maziwa huko juu, upande wa Kibosho. Kosa lake lilitajwa kwa sentensi moja: kwa wiki tatu amekuwa akifungua kituo baada ya saa moja asubuhi badala ya saa kumi na mbili na robo. Ushahidi ulioambatanishwa ulikuwa karatasi mbili za grafu, na grafu hizo zilitoka kwenye mfumo nilioufunga mimi.

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila namba iliyokuwa kwenye karatasi zile ilipimwa sawasawa, lakini karatasi zenyewe zilikuwa zinasema uongo. Yeyote anayefunga vifaa vya namna hii mashambani, viwandani au kwenye visima ajue jinsi hilo linavyowezekana.

Mfumo wenyewe ni huu. Ushirika una vituo sita kwenye miteremko ya mlima, kuanzia upande wa Machame hadi Marangu. Kila kituo kina tangi la kupozea, mizani ya kidijitali, na kijisanduku cha plastiki ukutani. Ndani ya kijisanduku kuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4, modemu yenye laini ya simu, na betri ya akiba. Kihisi joto kimezamishwa kwenye tangi, king'ora kiko juu ya mlango. Kazi yote ya maana inafanyika hapohapo kituoni: kompyuta inasoma joto kila sekunde 10, inapokea uzito kutoka kwenye mizani, inamtumia mkulima meseji ya stakabadhi, na inaamua yenyewe kama king'ora kilie. Hatukutaka uamuzi huo usubiri mjini. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana nyuzi 38 hivi, na yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 upesi kabla bakteria hawajazaliana. Mtandao wa mlimani siku ya ukungu na mvua za masika hauna ahadi.

Mjini tunapata ripoti. Kila dakika kifaa kinatuma hali yake: joto la prosesa, kumbukumbu inayotumika, nafasi iliyobaki kwenye kadi, nguvu ya mawimbi ya simu, idadi ya ujumbe uliokwama kwenye foleni, kama umeme wa gridi upo au haupo, na sekunde ambazo kifaa kimekaa kikiwaka tangu kiwashwe mara ya mwisho. Hiyo ya mwisho tunaiita muda wa kuwaka. Nilipoiweka kwenye ripoti nilifanya hivyo kwa mazoea tu, na ndiyo iliyokuja kumwokoa mtu.

Dashibodi, yaani ukurasa unaochora ripoti hizo kwa grafu, ilionyesha kwamba kifaa cha kituo kile kinazimika saa tisa usiku na dakika chache, kinabaki kimya, halafu kinarudi hewani saa moja na dakika moja mbili asubuhi. Siku baada ya siku. Vituo vingine vitano havikuwa na tatizo. Katibu alisoma grafu kama mtu yeyote angeisoma: meni swichi ya kituo huzimwa usiku, kifaa huishi kwa betri mpaka ichoke, halafu mhudumu akifika huwasha meni swichi na kifaa kinaamka. Kikiamka saa moja, basi amefika saa moja.

Mimi nilianza kwa kukosea. Nilidhani ni mtandao. Nilibadilisha laini, nikahamisha antena kutoka ukutani hadi kwenye mlingoti wa paa, nikabadilisha na kadi ya kumbukumbu kwa hofu kwamba ile ya zamani imechakaa. Wiki moja na nauli zikaenda bure. Kumbe ripoti ilikuwa imeshanijibu kabla sijapanda daladala. Mawimbi ya simu muda wote yalikuwa mazuri, foleni ya ujumbe ilikuwa sifuri, joto la prosesa halikuvuka nyuzi 52, na alama ya volti pungufu, ile ambayo Raspberry Pi huiandika 0x50005 ikiwa umeme umeshuka na prosesa imepunguzwa kasi, ilikuwa 0x0, yaani hakuna tatizo, siku zote. Kifaa kilichokosa mtandao kwa saa nne kingerudi na foleni ya mamia ya ujumbe. Hiki kilirudi na foleni tupu, kama mtu aliyekuwa anaongea muda wote bila kukatizwa. Nililiona hilo na sikulitilia maanani.

Dada wa kituo nilimpigia simu. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema: "Kaka, mimi saa kumi na mbili na dakika kumi nimeshawasha. Waulize wakulima. Kama mashine yako haisemi hivyo, mimi nitafanyaje?"

Katika mazungumzo na katibu kulikuwa na lalamiko jingine dogo, na tulilipita haraka. Meku mmoja, yaani mzee kwa Kichaga, wa kule juu alikuwa amefika ofisini akisema kwamba meseji zinamwandikia amepeleka maziwa saa mbili na nusu asubuhi, wakati yeye hufika kituoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Aliogopa ataonekana mkulima wa kuchelewesha maziwa. Nilifungua hifadhidata nikatafuta mapokezi ya kati ya saa 08:15 na 08:45 kwa wiki mbili. Hakukuwa na hata moja. Nikahitimisha kwamba mzee amesoma vibaya, nikaendelea na antena yangu.

Asubuhi niliyokwenda mwenyewe

Nililala Kibosho ili niwepo kabla ya watu. Saa kumi na mbili na dakika tano nilikuwa nje ya kituo, migomba ikidondosha maji, na tayari kulikuwa na akina mama wanne na keni zao. Dada alifika kwa miguu, akafungua kufuli, akapandisha meni swichi. Nilitazama saa ya simu yangu: 06:10. Taa nyekundu ya kijisanduku ikawaka, ya kijani ikaanza kupepesa. Dakika moja baadaye mizani ilikuwa tayari na mkulima wa kwanza akamimina.

Nikafungua dashibodi kwenye simu. Kituo: hakipo hewani.

Nilisimama pale nikitazama vitu viwili vinavyobishana. Mbele yangu kifaa kinafanya kazi, mizani inasoma, joto la tangi linaonekana kwenye kioo kidogo. Mkononi mwangu ripoti inasema hakuna kitu.

Meku alikuwa wa sita kwenye foleni. Nilimwamkia, akaitikia, akamimina maziwa yake, lita sita na nusu. Kabla hajafunga keni simu yake ya tochi ikalia. Akanipa niisome, kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani. Juu ya kioo simu yenyewe ilionyesha kwamba ujumbe umeingia saa 06:25. Ndani ya ujumbe, kwenye maneno yaliyoandikwa na kifaa changu, ilisomeka: lita 6.5, saa 02:31.

Hapo ndipo niliposhtuka. Mzee hakusoma vibaya. Alisoma kama Mswahili yeyote anavyosoma: mbili na thelathini na moja, basi ni saa mbili na nusu. Mfumo uliandika kwa saa ya kizungu, ambayo 02:31 ni saa nane na nusu ya usiku. Mimi nilipotafuta saa 08:31 nilikuwa nimeshatafsiri kosa likawa kosa jingine, ndiyo maana sikukuta kitu. Wakulima wengine walizipokea meseji hizo wiki tatu nzima, wakaona 02 wakadhani asubuhi imechelewa kuandikwa, wakanyamaza.

"Meku," nikamwambia, "hapa wamekuandikia saa nane za usiku."

"Saa nane za usiku mimi nilikuwa nimelala," akasema. "Maziwa ningemletea nani?"

Mistari minane

Niliketi kwenye benchi la kituo na kompyuta yangu ya mkononi. Badala ya grafu, nikavuta mistari mibichi ya ripoti ya usiku ule, kuanzia saa 02:17. Grafu huchora mstari laini na kuunganisha nukta. Mistari mibichi haikufichi kitu. Safu ya kwanza ni saa iliyoandikwa na kifaa, ya pili ni muda wa kuwaka kwa sekunde:

02:17:05, sekunde 72,425
02:17:48, sekunde 50
02:18:05, sekunde 72,485
02:18:48, sekunde 110
02:19:05, sekunde 72,545
02:19:48, sekunde 170
02:20:05, sekunde 72,605
02:20:48, sekunde 230

Baada ya hapo zile namba kubwa zinakoma na zile ndogo zinaendelea: 290, 350, mpaka karibu na 03:07, kisha kimya.

Kifaa kimoja hakiwezi kuwa kimewaka kwa saa 20 na kwa sekunde 50 ndani ya dakika hiyohiyo. Hizo ni nyakati mbili tofauti zilizobandikwa saa moja. Mfululizo wa namba kubwa ni wa kweli: ni kifaa kikiishi kwa betri usiku, mpaka betri ilipoisha saa nane na dakika ishirini. Mfululizo wa namba ndogo ni asubuhi, ni dada akipandisha meni swichi saa kumi na mbili na dakika kumi, ila kifaa kilipoamka kilidhani bado ni saa nane na dakika kumi na saba usiku. Asubuhi ile tuliyoitafuta ilikuwepo muda wote kwenye hifadhidata, ikiwa imefukiwa ndani ya usiku uliotangulia.

Muda wa kuwaka hauwezi kudanganywa na saa, kwa sababu hauisomi. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hii, huuhesabu kutoka sifuri pale kompyuta inapowaka, na ukibadilisha saa ya ukutani wenyewe unaendelea tu kuhesabu. Kwa hiyo ndio ushahidi wa kwanza wa kuuliza pale saa yenyewe inaposhukiwa.

Nilifikiria kwanza kwamba labda ni kosa la ukanda wa saa, maana Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia na kosa hilo ni la kila siku kwenye kazi zetu. Lakini tofauti hapa ilikuwa saa 3 na dakika 53, na siku nyingine ilikuwa tofauti kabisa. Kosa la ukanda lingekuwa saa 3 kamili, kila siku. Nikafuatilia wiki tatu nyuma. Kila asubuhi kifaa kiliamkia saa yake ya uongo, 04:17, 03:17, 02:17, lakini dakika ilikuwa ileile 17.

Dakika hiyo ikafungua mlango. Raspberry Pi 4 haina saa yenye kibetri chake. Raspberry Pi 5 imekuja na saa ndani, ingawa nayo inataka kuunganishiwa betri. Ya 4 ikikatiwa umeme haijui umepita muda gani. Debian, aina ya Linux tuliyokuwa nayo, inaziba pengo hilo kwa programu iitwayo fake-hwclock: kila saa inaandika saa ya sasa kwenye faili, na kompyuta ikiwaka inaanza kuhesabu kutoka hapo ilipoandikwa mara ya mwisho. Na kazi za kila saa kwenye Debian zimepangwa kuendeshwa dakika ya 17. Basi kila betri ilipokufa ghafla, kilichobaki ni ile alama ya mwisho ya dakika ya 17.

Hilo lilinipa nusu ya jibu. Kifaa kikiamka na saa mbovu kinatakiwa kuirekebisha upesi kupitia mtandao, na mtandao ulikuwepo. Kwa nini kisubiri mpaka saa moja?

Kwa nini Jumapili ilikuwa safi

Nilipanga mwisho wa kila pengo kwa siku za wiki. Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mfano: 07:02, 06:58, 07:04, 07:01. Jumamosi: 08:06. Jumapili hakukuwa na pengo kabisa. Grafu ya Jumapili ilikuwa safi kuliko zote, na usafi huo ndio uliopaswa kunishtua tangu siku ya kwanza, maana meni swichi huzimwa hata Jumamosi usiku na betri haijui siku.

Ukilifikiria pengo kama la kituo, hesabu haikubali. Ng'ombe hakamuliwi saa nyingine Jumamosi. Lakini ofisi ya mjini hufunguliwa saa moja siku za kazi, saa mbili Jumamosi, na Jumapili haifunguliwi.

Nikafungua mipangilio ya chrony, programu inayosawazisha saa. Laini zetu za simu zimefungwa zisifike popote isipokuwa anwani mbili: seva yetu ya kukodi na ofisi. Na anwani ya kuulizia saa ilikuwa moja tu, ile ya kompyuta ya mezani ya ofisini. Mwaka wa kwanza wa mradi kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa seva yetu, ikiwaka usiku na mchana. Baadaye tulikodi seva ya nje, tukahamisha data yote, na kila mtu akafurahi. Mstari wa saa tuliuacha ulipokuwa. Karani, kwa nia njema kabisa ya kuokoa yuniti za umeme, akaanza kuizima kompyuta kila jioni na kuiwasha akifika.

Vituo vingine vitano havikudhurika kwa sababu maziwa yao hulala kwenye tangi, umeme wao hauzimwi usiku, na saa ya kompyuta isiyozimwa hupotea sekunde mbili tatu tu kwa siku. Kituo cha Kibosho peke yake lori huchukua maziwa jioni na tangi hubaki tupu. Kamati ya kituo ilimwagiza dada azime meni swichi akiondoka, kwa hofu ya moto. Alitii. Mwanzoni betri ya akiba, yenye uwezo wa karibu saa 12, ilivuka usiku. Ilipozeeka ikaanza kufa alfajiri, kisha saa kumi, kisha saa nane. Unaliona hilo kwenye grafu ya wiki tatu: mwanzo wa pengo unarudi nyuma kidogo kidogo kama kivuli cha jioni. Betri mbovu peke yake isingeleta neno. Kompyuta ya ofisi kuzimwa peke yake isingeleta neno. Vilipokutana, mtu akaandikiwa barua.

Na Jumapili je? Kifaa kiliamka na saa ya uongo, hakikupata wa kumuuliza, kikaenda nayo siku nzima. Data yake iliunganika na ya usiku bila mshono, ndiyo maana grafu ilikuwa safi. Ila ukitazama joto la tangi unaona maziwa yanaanza kumiminwa saa nane na robo ya usiku, na muda wa kuwaka unaanguka hadi sifuri bila pengo lolote. Jioni meni swichi ikazimwa, betri ikafa usiku kwa saa ya uongo iliyoandika 22:27, na Jumatatu asubuhi kifaa kikaamka kikidhani ni Jumapili saa 22:17. Kosa lilikuwa limezaa kosa. Baada ya sikukuu ndefu kama Pasaka tofauti ingekaribia saa 20.

King'ora kilichonyamaza

Jambo lililoninyima usingizi nililigundua mwisho, na sikulitafuta. Programu ya kituo ina kanuni niliyoiandika mwenyewe: king'ora kisilie kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kwenye kituo kile tangi huwa tupu na joto kupanda si hatari. Kanuni hiyo husoma saa ya kifaa. Maana yake kila asubuhi, katika muda uleule maziwa yanapopokelewa, kifaa kilidhani ni usiku na king'ora kilikuwa kimefungwa mdomo. Siku ya kazi ni dakika 50. Jumapili ni kuanzia saa kumi na mbili na dakika kumi mpaka saa tatu kasoro dakika saba.

Nikarudi kwenye ripoti za Jumapili tatu. Moja kati yake inaonyesha joto la tangi likikaa juu ya nyuzi 20 kwa zaidi ya saa nzima huku maziwa yakiongezeka, kisha likaanza kushuka. Safu ya kengele: sifuri. Nikamuuliza dada. Alikumbuka mara moja. Sakiti breka ya kompresa ilikuwa imeanguka. King'ora hakikulia, lakini aligusa ubavu wa tangi akasikia halipoi, akaenda kurudisha breka. Maziwa ya siku ile yalipita kipimo cha alkoholi kiwandani, kile cha kutambua maziwa yaliyoanza kuchacha. Yaliokolewa na kiganja cha mtu yuleyule ambaye ripoti yangu ilimshtaki.

Tulichobadilisha

Kifaa kiliwekewa saa yake, kipande cha DS3231 chenye kibetri cha duara, ambacho kwa mwaka mzima hupotea kama dakika moja tu. Fake-hwclock ikaondolewa. Saa sasa inaulizwa kwenye seva ya kukodi kwanza, na kompyuta ya ofisi ni ya akiba. Betri ni mpya, na kijisanduku kimepewa breka yake ili dada azime kituo chote bila kukizima. Kanuni ya king'ora niliifuta. Sasa kinaangalia kama kuna maziwa kwenye tangi, jambo ambalo mizani inalijua bila kuuliza ni saa ngapi.

Kwenye ripoti ndiko nilikotumia muda zaidi. Zamani kila mstari ulikuwa na saa moja, ile ya kifaa. Sasa una saa tatu: kifaa kiliposoma kipimo, kilipokituma, na seva ilipokipokea. Ya kwanza na ya tatu zikitofautiana, huwezi kusema mara moja kwamba saa ni mbovu, kwani huenda ujumbe ulikaa kwenye foleni mtandao ukiwa chini. Lakini ya pili na ya tatu hazipaswi kupishana zaidi ya sekunde chache. Zikipishana dakika mbili, simu yangu inalia. Nimeongeza pia namba ambayo Linux huitunga upya kila kompyuta inapowaka, boot_id, ili mistari ya kuwaka kuwili tofauti isichanganyike tena, na neno moja kutoka chrony: imesawazishwa au bado. Wanaotumia mifumo inayokwenda yenyewe kuvuta vipimo, kama Prometheus, kwa kawaida hupata saa ya seva bila kuomba, na kosa hili lingejitokeza kwao kwa sura nyingine. Sisi tunasukuma kutoka kituoni kwa sababu ya foleni, na sijutii, mradi saa ya mpokeaji iandikwe.

Data ya wiki tatu tuliirekebisha. Seva ilikuwa na logi ya mapokezi, yaani orodha ya saa iliyopokea kila ujumbe, kwa hiyo kwa kila mstari wenye foleni sifuri saa ya kupokelewa ndiyo saa ya kweli. Ilinichukua siku mbili. Grafu mpya inaonyesha kituo kikifunguliwa 06:09, 06:12, 06:10, 06:08. Niliichapisha, nikaipeleka kwa katibu pamoja na ile mistari minane, nikamweleza mstari kwa mstari mbele ya mwenyekiti. Barua haikusainiwa. Katibu alipanda Kibosho mwenyewe kumwomba radhi dada, na mimi nilikwenda naye kwa sababu radhi ilikuwa yangu kwanza.

Meseji za wakulima nazo zimebadilishwa. Jumapili iliyofuata meku alimimina lita sita, simu ikalia, safari hii akiwa na miwani. Ilisomeka: lita 6.0, saa 12:22 asubuhi. Akaitazama, akatazama mlima ambao ulikuwa ndiyo kwanza unapata mwanga, akaiweka simu mfukoni na kubeba keni yake.